Paswadi ya Marehemu

Swali lililoninyima usingizi karibu mwezi mzima lilikuwa hili: mtu akifa, paswadi yake inakuwa ya nani? Ukilitamka linasikika la kipuuzi, na ndiyo sababu sikumwuliza mtu yeyote. Nililala nalo na kuamka nalo, nikilipanga upya kama wakili anayejitetea mwenyewe. Paswadi ni ya ofisi, si yake. Yeye aliitunza tu. Na kitu cha ofisi, mfanyakazi anaweza kukigusa. Kisha najijibu: kama ilikuwa ya ofisi, mbona ulipoibadilisha hukumwambia mtu?

Nilikuwa na miezi saba katika ofisi ndogo ya safari za Umra mjini Malindi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi alikuwa mwalimu mstaafu, wa familia iliyotoka visiwa vya kaskazini zamani, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Aliniajiri baada ya mimi kukaa nyumbani Muyeye mwaka mzima, shahada yangu ya teknolojia ya habari ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki juu ya kabati. Siku ya usaili aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama naweza kusoma maandishi madogo kwenye skrini, kwa sababu macho yake yalikuwa yakififia. La pili, kama najua kunyamaza mtu mzima anapozungumza kwa simu. Nikajibu ndiyo kwa yote mawili. Kesho yake nikaanza kazi.

Aliugua siku nne akafariki. Sikulia. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu kwenye nyumba yao ya mtaa wa Barani, nikasoma kilichosomwa, nikala kilichopakuliwa, na muda wote huo nilichokuwa nikikiwaza ni barua pepe zisizojibiwa. Niliwatazama waliokuwa wakilia nikajiuliza wanafanyaje. Nilidhani kilio changu kimechelewa tu, kitafika. Baadaye nikaacha kukisubiri.

Siku ya tatu, watu walipokuwa kwenye kisomo cha khitma, nilikwenda ofisini peke yangu na kufungua kwa ufunguo wangu. Chini ya kibodi kulikuwa na kikaratasi chenye paswadi ya barua pepe ya ofisi, kwa mwandiko wake wa ubaoni: jina la shule aliyofundisha mwisho, na namba ya sanduku lake la posta. Nilikiangalia kikaratasi kile nikakumbuka somo moja la chuo, kwamba mtu anapoondoka kwenye shirika, paswadi zake hubadilishwa siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu. Hakuna aliyenituma. Nikaingia, nikabadilisha, nikaandika mpya kwenye daftari langu. Haikuchukua dakika mbili. Kikaratasi nikakikunja nikakitia mkobani, kwa kuwa kukitupa niliona vibaya na kukirudisha niliona vibaya zaidi.

Nilikusudia kumwambia mwanawe mkubwa jioni ileile. Yeye ndiye aliyechukua ofisi. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mtwapa, kwa hivyo alikuwa akija Malindi mara tatu kwa wiki. Lakini jioni ile alikuwa amesimama mlangoni akipokea mikono ya watu, na niliona si mahali pa kuzungumzia kompyuta. Kesho yake nikaona nimechelewa siku moja. Wiki ilipopita nikaona jambo lenyewe limekuwa la ajabu, kwamba nikilisema sasa nitaulizwa mbona sikusema mwanzo, na jibu la hilo sikuwa nalo.

Wiki ya pili ndipo kisanduku kilipoanza.

Unafungua programu ya barua pepe, barua zinashuka vizuri, unajibu mbili tatu. Halafu kinatokea kijisanduku cheupe katikati ya skrini: andika paswadi. Unaandika. Kinapotea, kinarudi. Unaandika tena, polepole, ukitamka kila herufi. Kinarudi. Unatia alama pale penye kukumbuka paswadi. Kinarudi, alama imeondoka. Ukikifunga, kinakaa dakika moja hivi kisha kinatokea tena, jina la marehemu likiwa limeshajazwa juu yake na nafasi tupu chini.

Nilifanya yote ninayoyajua. Niliangalia kitufe cha herufi kubwa. Niliangalia saa ya kompyuta, na kweli umeme ulipokatika ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Nikairekebisha, nikafurahi kwa robo saa. Nilifuta paswadi zote zilizohifadhiwa ndani ya mashine. Nilizima kinga ya virusi, nikaiwasha. Niliifuta programu nzima nikaiweka upya. Mwana wa Mwalimu alikuwa akisimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

“Dada,” akaniambia siku moja, “miaka minne chuo kikuu, na kijisanduku ukubwa wa kiberiti kinakushinda?”

Nikasema labda ni mtandao. Akasema dukani kwake mtandao ukisumbua huzima kila kitu, akawasha, akasoma bismillahi, na mambo yakaenda. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na kaburi bichi na ofisi asiyoielewa.

Jambo lililofanya kisanduku kiwe kizito ni viza. Tulikuwa na kundi la watu kumi na wanane, wengi wazee, waliokuwa wanangojea kwenda Umra. Wakala wetu wa Makka alikuwa atume viza zao kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, na hiyo peke yake. Nilimwandikia kwa anwani yangu binafsi, nikamwomba azilete kwangu. Akajibu kwa adabu kuwa hawezi kutuma hati za watu kwa mtu asiyemjua, na kwamba agizo la kubadilisha anwani lazima litoke kwenye anwani yenyewe. Alikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningejibu vivyo hivyo. Nililiandika agizo hilo mara mbili, na mara zote kisanduku kikatokea kabla halijatoka.

Mmoja wa wale kumi na wanane alikuwa bibi jirani yetu wa Muyeye. Alikuja ofisini kila asubuhi, akapanda ngazi kwa vituo viwili, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kuombwa. Nguo zake nyeupe za Umra zilikwisha kushonwa na kufuliwa mara mbili zisije zikanuka harufu ya dukani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Imekuja?”

“Bado.”

“Hiyo kompyuta yenu inataka kusomewa,” alikuwa akisema, au siku nyingine husema kwamba wenziwe wakiondoka na yeye akabaki atakuja kuvaa nguo zake na kuhirimia hapahapa kwenye kiti chetu. Alicheka mwenyewe. Nilijua nami napaswa kucheka, nikacheka, lakini ilikuwa kama kucheka na mdomo uliochomwa sindano kwa daktari wa meno.

Hatimaye nikaipigia simu kampuni ya Mombasa inayotuhifadhia barua pepe. Fundi wao alikuwa kijana mpole. Akaniambia programu yangu haina kosa lolote. Akaunti ndiyo inayofungwa na seva, kwa sababu kuna kifaa kingine, huko huko Malindi, kinachojaribu kuingia kwa paswadi ya zamani. Kikikosea mara tano, seva inafunga mlango kwa kila mtu, pamoja na mimi mwenye paswadi sahihi. Baada ya muda inafungua yenyewe, na kila mara muda huo unaongezeka.

“Kwani paswadi ilibadilishwa lini?” akauliza.

Nikamwambia mwezi huu. Mwana wa Mwalimu alikuwa kwenye dirisha, akizungumza na mtu wa duka la chini. Nikashusha sauti.

Fundi akanionya kuwa mambo yakiendelea hivi hadi mwisho wa wiki, mfumo utahesabu kuwa akaunti imeibwa na kuifunga moja kwa moja, na hapo lazima mwenyewe afike ofisini kwao na kitambulisho. Nikamwuliza mwenyewe ni nani. Akasoma jina la marehemu. Nikashukuru nikakata.

Mwanawe aliponiuliza wamesemaje, nilimwambia kuna kifaa kingine kinachoingilia. Sikutaja zamani wala mpya. Akasema basi kuna mtu anatuchezea, na kwamba atafikiria nani. Kuanzia saa hiyo nikawa na jambo jingine la kuogopa, kwamba atafikiria vizuri.

Nilitafuta kifaa hicho. Nilichukua kompyuta ndogo ya zamani kabatini. Betri yake ilikuwa imekufa. Nilikagua simu yangu mwenyewe mara tatu, kana kwamba ningeweza kujificha ndani yake. Mwisho nikafanya la kifundi: nikaanza kuandika daftarini saa ambazo kisanduku kilitokea. Niliandika siku nne. Siku ya nne nikaiangalia ile safu ya saa, na kwa muda sikuona kitu. Kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa msikiti wa karibu, nami nikaona.

Kila siku kilikuja kama dakika ishirini baada ya adhuhuri, na dakika ishirini baada ya alasiri. Asubuhi nikifungua ofisi nakikuta kipo, kimengoja tangu alfajiri. Katikati ya swala na swala, ukimya. Mwizi gani anaiba kwa mujibu wa adhana? Huyu alikuwa mtu anayeswali nyumbani kwa wakati, anakaa mkekani kumaliza uradi wake, kisha ananyoosha mkono kuchukua simu. Nilimjua. Simu ya Mwalimu, mwanawe alikaa nayo wiki ya kwanza kupokea rambirambi. Wiki ya pili akampa mama yake, mjane wa Mwalimu.

Nikakaa nikitazama mikono yangu. Nilikuwa na njia moja rahisi, nayo niliiona mara moja: kuirudisha paswadi ya zamani. Mlango ukifunguka tena, naingia, naandika jina la shule na namba ya sanduku, na simu ya Barani itakubaliwa, na kisanduku kitakwisha, na hakuna atakayejua kitu kiliwahi kubadilishwa. Nikangoja hadi mlango ukafunguka. Nikajaribu. Mfumo ukasema paswadi iliyowahi kutumika haikubaliwi.

Basi kesho yake, Alhamisi, nikaenda Barani.

Nilitumia nusu saa kuchagua buibui. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye eda, hatoki wala haonekani na wanaume wasio wake, na mimi nilijua yote hayo tangu utotoni, lakini nilijiuliza kama kuna adabu inayosema lolote juu ya kumwendea mtu wa eda kwa ajili ya akaunti. Nikajiuliza niseme nimekuja kumjulia hali, kisha nitaje simu kana kwamba imenijia tu akilini. Nikafanya hivyo hasa.

Alikuwa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe zisizo na pambo, amekaa juu ya msala wake wa kuswalia. Nikambusu mkono. Tukaulizana habari mpaka zikaisha. Akaniambia Mwalimu alinipenda kwa sababu nilikuwa sisemi sana. Simu ilikuwa kando ya tasbihi, ikichajiwa, na nilipoitaja uso wake ulibadilika. Akatazama mlangoni, kisha akanisogelea.

“Mwanangu, nimeiharibu,” akasema.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Mwaka wa mwisho, macho ya Mwalimu yalipokuwa mabaya, simu ikiuliza paswadi yeye ndiye aliyeandika. Mwalimu alimsomea herufi kwa herufi hadi akazihifadhi. Sasa simu inauliza, na kila baada ya swala anaiandika, maana huenda kuna mtu ana haja na Mwalimu, na kumwacha mtu mlangoni bila jibu ni vibaya. Lakini haikubali. Anaandika mara nne, mara tano, kisha simu inakataa kabisa na yeye anaiweka chini.

“Hebu niandikie nione,” nikasema.

Akavaa miwani. Akaandika jina la shule, bila kosa, kisha namba ya sanduku la posta, kwa kidole kimoja, midomo ikitamka. Simu ikasema si sahihi. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu mbele ya darasa.

Sikufikiri. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikafuta, nikaandika paswadi yangu mpya. Ikakubali. Barua zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, za siku nyingi, na miongoni mwake niliona ya wakala wa Makka, ya asubuhi ileile, yenye viambatisho kumi na vinane. Nilihesabu mara mbili. Nilitarajia moyo wangu ufanye jambo fulani. Ulipiga tu, kama kawaida yake.

“Wewe umeandika mara moja,” akasema mama. “Mimi mwezi mzima. Nilijua ni mimi.”

Kisha akaniambia jambo ambalo, alisema, hajamwambia hata mwanawe. Tangu simu ianze kumkataa, haiamini tena akili yake. Akiswali anasita kama ameswali rakaa tatu au nne, na anarudia swala, na akirudia anasita tena. Alikuwa na juzuu nzima ya Kurani kifuani tangu usichana. Sasa akiisoma anashika msahafu, asije akakosea. Mamake mzazi alimalizia hivyo, akisahau. Aliniomba nisimwambie mwanawe, wasije wakaanza kumtazama kama mgonjwa.

Nikasema sitamwambia. Akaniitia chai, nikanywa. Nikaaga nikatoka barazani.

Nilikaa kwenye kizingiti nikavaa viatu. Kila kitu kilikuwa kimetengenezeka. Kisanduku hakitarudi tena. Viza ziko. Mwana wa Mwalimu ataambiwa simu ya marehemu ilihitaji kurekebishwa kidogo, na hilo lilikuwa kweli. Paswadi niliyoibadilisha bila ruhusa ingebaki imebadilika bila ruhusa, na hakuna ambaye angeuliza. Nilisubiri kuona kama nitajisikia vibaya, maana nilidhani hiyo ndiyo njia ya kujua la kufanya. Sikujisikia vibaya. Sikujisikia kitu. Nilifunga kamba ya kiatu cha kulia nikaona kuwa nikingoja kujisikia nitaondoka, na ndani ya nyumba ile mtu atarudia swala ya adhuhuri mara mbili kwa kosa langu.

Nikavivua viatu nikarudi ndani.

Alikuwa bado juu ya msala wake. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua mkoba, nikatoa kile kikaratasi na kumwekea mkononi.

“Mama, nisamehe. Hukukosea. Ni mimi niliyeibadilisha paswadi, siku ya tatu ya msiba, na sikumwambia mtu.”

Akakisoma kikaratasi. Alikisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

“Basi ile niliyokuwa nikiiandika ilikuwa sawa?”

“Ilikuwa sawa.”

“Zote? Na zile namba?”

“Kila herufi, mama. Kila siku.”

Akafumba macho. Midomo yake ikaanza kwenda, na nikatambua kuwa anasoma juzuu yake, polepole, bila msahafu. Sikujua nikae au niondoke, kwa hivyo nilikaa. Alipotua kidogo kuvuta pumzi alinitazama, si kwa hasira wala kwa huruma, akanisukumia simu ya Mwalimu kwa nyuma ya mkono wake.

“Mwambie na mwanangu,” akasema. “Kwa kinywa chako.”

Nikatafuta jina la mwanawe. Simu ikaita mara mbili. Aliipokea kwa kusema, “Naam, mama,” nikamwambia si mama, ni mimi, niko Barani, viza zimefika zote kumi na nane, lakini kabla hajasema alhamdulillahi kuna jambo lingine nataka alisikie kwanza. Nyuma yake nilisikia mashine ya kukata vyuma ikinguruma. Akamwambia mtu aizime. Ikazimika.

“Haya, dada,” akasema. “Sema.”

Nikasema.